Msimbo Huhama, Mjadala Hubaki

Anayeanzisha mradi wa programu huria siku hizi huambiwa kwanza achague jukwaa la kuhifadhia msimbo. Naona ushauri huo umeanzia mwisho. Linus Torvalds, muundaji wa Linux, aliandika Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, Aprili 2005, baada ya watunzi wa kiini cha Linux kunyimwa ruhusa ya kutumia bure programu ya aina hiyo iitwayo BitKeeper, na tangu hapo msimbo haulazimiki kutegemea seva moja. Kila anayenakili hazina ya msimbo huondoka na historia nzima. Kila badiliko hupewa kitambulisho, kwa kawaida cha herufi na tarakimu 40, kinachokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na kitambulisho cha badiliko lililotangulia. Ukigusa herufi moja ya mwaka juzi, vitambulisho vyote vinavyofuata hubadilika, na wenye nakala zao watagundua. Kuhamishia hazina kama hiyo kwenye seva nyingine ni suala la amri mbili tu.

Kigumu kuhama ni mazungumzo: ripoti za hitilafu, mapitio ya mabadiliko, hoja za kwa nini pendekezo hili lilipita na lile likakataliwa. Hayo yamo kwenye hifadhidata ya mwenye jukwaa, nje ya Git. Jukwaa la Google Code lilifungwa Januari 2016, na miradi ikalazimika kuhama itake isitake. Mwaka 2019 jukwaa la GitHub liliwafungia watumiaji wa Iran, Syria na Crimea baadhi ya huduma, zikiwemo hazina binafsi, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: tukifungiwa kesho, tutaondoka na nini?

Wapo watakaosema wachangiaji wako GitHub, basi mjadala umekwisha. Hoja hiyo ina uzito. Lugha ya Python yenyewe ilihamia huko mwaka 2017, na mwaka 2022 ikapeleka hata ripoti zake za hitilafu. Mradi mchanga unaomlazimisha mgeni kufungua akaunti mpya ili aripoti kosa dogo unamfukuza. Lakini wingi wa watu unajibu swali la kupatikana tu, haujibu la kudumu. Watunzi wa Linux hutumiana viraka kwa barua pepe, hivyo mjadala wao umesambaa katika nakala nyingi mno kwa kampuni moja kuufuta, ingawa utaratibu huo humchosha anayeanza. Miradi ya GNOME na Debian, mwaka 2018, ilichagua kuendesha programu ya jukwaa iitwayo GitLab kwenye seva zake. Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye watu. Seva hudai masasisho, nakala rudufu na kupambana na jumbe taka kila wiki, na asiye na mtu wa kazi hiyo asijaribu.

Kwa timu ndogo, GitHub inatosha, au Codeberg, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la Berlin. Sharti ni utaratibu: sababu ya kila badiliko iandikwe ndani ya maelezo ya badiliko lenyewe, maana hayo husafiri na msimbo, nakala pacha iwekwe kwenye seva ya pili, ripoti za hitilafu zipakuliwe kila mwezi. Kubalianeni hayo kabla ya kufungua akaunti.