Mgonjwa Asifungwe Kitandani

Mtu augulapo, desturi yetu ni kumtandikia kitanda na kumwambia apumzike. Akitaka kusimama huketishwa, akitaka kuchota maji hunyang'anywa kata. Hayo hutendwa kwa mapenzi. Lakini kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana aliye katika tibakemikali, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, mapenzi ya namna hiyo yakizidi humdhuru.

Dawa hizo huleta uchovu usiofanana na ule wa mkulima arudiye shambani. Mkulima hulala, akaamka ana nguvu. Mgonjwa huyu hulala, akaamka amechoka vile vile, kisha hulala tena. Kadiri anavyolala misuli hupungua, pumzi huwa fupi, na hatua kumi za kwenda msalani huwa safari. Hivyo uchovu huzaa kulala, na kulala huzaa uchovu.

Waganga wametambua hatari hiyo. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo kwamba wagonjwa wanaotibiwa kwa shabaha ya kuponywa washauriwe kufanya mazoezi ya mwendo na ya kutia misuli nguvu wakiwa bado katika matibabu. Mazoezi hayo hupunguza uchovu, hulinda nguvu za moyo na mapafu, na hupunguza wasiwasi na huzuni.

Ushahidi mwingine mzito ulitangazwa mwaka 2025. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Kanada na Australia, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza tibakemikali, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walipewa maandishi ya kuwafunza afya, lakini kundi moja lilipewa pia mwelekezi wa mazoezi kwa muda wa miaka 3. Baada ya miaka 8, katika kila wagonjwa 100 wa kundi la mazoezi, 90 walikuwa hai. Katika kundi la pili walikuwa 83. Watu saba katika mia si wachache, na kila mmoja wao ana nyumba imtegemeayo.

Hatusemi kwamba atembeaye wakati wa dawa amejihakikishia uhai, maana utafiti huo ulianza baada ya dawa kwisha. Wala hatusemi mazoezi yashike mahali pa dawa. Aachaye dawa akategemea mazoezi ajipoteza. Twasema kwamba amalizaye dawa akiwa bado na nguvu za miguu yake yu tayari kuianza kazi hiyo, na aliyelala miezi sita itambidi kwanza ajifunze kusimama.

Kipimo nacho hakina budi kuangaliwa. Watu wa utafiti ule walilenga kuongeza mazoezi yanayolingana na kutembea kwa haraka dakika 45 hadi 60, mara 3 au 4 kwa wiki. Aliye katikati ya dawa aanze na dakika tano au kumi, apunguze siku zile dawa zinapomlemea, na aongeze apatapo nafuu. Mwenye ganzi miguuni avae viatu imara na atembee mahali palipo sawa. Aliyetobolewa tumbo kwa ajili ya choo asinyanyue vitu vizito kabla ya kumwuliza daktari. Na akipata homa ya digrii 38, kizunguzungu, maumivu ya kifua au kutokwa damu, aache mazoezi na kwenda hospitali mara moja.

Tusisahau kwamba makundi yote mawili yalipewa maandishi, na lililofaulu zaidi ni lile lililopewa pia mtu wa kuliongoza. Kwa hiyo daktari asitosheke kumwambia mgonjwa ajitahidi. Na amwandikie kipimo cha mwendo kama amwandikiavyo dawa, kisha amwulize siku ya kurudi ametembea kiasi gani. Nao jamaa wa nyumbani, badala ya kumrudisha kitandani kila anyanyukapo, na wamshike mkono watoke naye hadi barabarani. Hiyo ni kazi isiyohitaji fedha, na hakuna awezaye kuifanya vyema kuliko wao.