Si Kila Jino la Kahawia ni Chafu

Kitenzi kusafisha, kinapoandamana na meno, kimebebeshwa kazi tatu zisizofanana, na gharama ya mchanganyiko huo humwangukia mgonjwa.

Ukimwendea daktari wa meno mjini Kitale au Bungoma ukamwambia wataka kusafishwa meno, yamkini atakukwangua ukoga uliogandamana karibu na ufizi. Hiyo ni kazi ya afya, wala haibadilishi rangi ya jino lenyewe. Kazi ya pili ni kung'arisha: jino hupakwa dawa ya peroksaidi, ambayo hupenya tabaka la nje na kuzivunja chembe zilizolitia rangi. Ya tatu ni kuondoa au kufunika madoa yaliyoumbika pamoja na jino. Kwa kuwa zote huitwa kusafisha, mtu huweza kulipia ya kwanza akitarajia matokeo ya pili, ilhali anachohitaji ni ya tatu.

Ndivyo ilivyomfika msichana mmoja wa Suam niliyemfundisha. Alizaliwa karibu na Naivasha, na alikuwa na umri wa miaka minane wazazi wake walipohamia huku mpakani. Alipokaribia kwenda mazoezi ya kufundisha, aliweka akiba muhula mzima ili asisimame mbele ya darasa akiziba kinywa kwa kiganja. Akakwanguliwa ukoga, akarudi na fizi safi na meno yale yale ya kahawia. Kilichomuuma zaidi, aliniambia, ni kuulizwa na mhudumu kama kwao hawajui mswaki.

Swali hilo lilikuwa la ujinga. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, tangu Nakuru na Naivasha hadi Arusha nchini Tanzania, yana floridi nyingi itokanayo na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anywaye maji yanayopita kiasi hicho, wakati meno yake ya ukubwani yangali yakiumbika ndani ya taya, huota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia. Hata akihamia kwingine, mabaka huhama naye. Basi mwalimu akaguaye usafi asubuhi na aulize kwanza mtoto alilelewa wapi kabla ya kumtoa mstarini.

Kwa meno kama hayo, peroksaidi pekee aghalabu haitoshi. Huweza kupunguza ukahawia, lakini mabaka meupe nayo huweza kujitokeza zaidi katika siku za mwanzo. Daktari huenda akasugua tabaka jembamba la juu kwa asidi na unga maalumu, au akalifunika jino kwa kigamba cha kaure, jambo lenye gharama kubwa na ambalo mara nyingi hudai jino lipunguzwe. Anayetaka kung'arishwa tu naye ajue kwamba dawa haibadilishi rangi ya jino bandia wala ya kizibo, kwamba matundu na ugonjwa wa fizi hutibiwa kwanza, na kwamba weupe huo hufifia kadiri miaka na chai zinavyopita. Huko Ulaya, tangu mwaka 2012, dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksaidi, hadi kikomo cha asilimia 6, haitolewi ila kupitia kwa daktari wa meno, wala hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Wanafunzi wangu wanaosugua meno kwa mkaa na ndimu hawaogopi kitu. Lakini mkaa hukwaruza na ndimu humomonyoa, na tabaka la nje la jino likishaliwa haliotи tena.

Limebaki neno ganzi. Daktari atakuonya kwamba utapata ganzi baada ya kung'arishwa. Msikilizaji wa bara hufikiri habari ya sindano, yaani kutohisi chochote. Mswahili wa pwani hukumbuka embe bichi, na yeye ndiye aliye karibu na ukweli: maji baridi yatachoma hadi kwenye mzizi. Kwa kawaida hali hiyo hupoa baada ya siku chache. Isipopoa, au ufizi ukibabuka na kuwa mweupe, rudi kwa daktari aliyekupaka dawa, na kabla ya kumlipa uwe umehakikisha kwamba amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno.