Mwanagenzi na Seva ya Linux: Kuhawilisha Faili na Kuendesha Mchezo wa Mtandaoni

Data ya fasihi simulizi hukusanywa kwa jasho jingi na hupotea kwa urahisi mno. Mwanafunzi hurejea kutoka nyanjani na saa kadhaa za rekodi za ngano, nyimbo na mahojiano, akaziweka zote kwenye flashi moja. Flashi hiyo ikiambukizwa virusi, au ikisahaulika matatuni, hakuna awezaye kumfufua fanani aliyekwisha kufariki ili aitambe ngano yake upya. Makala haya yanaeleza jinsi tarakilishi moja kuukuu inavyoweza kugeuzwa kuwa hazina ya pamoja ya rekodi kama hizo, na jinsi tarakilishi iyo hiyo inavyoweza kuendesha mchezo utakaomzoeza mwanagenzi kazi ya seva bila kuhatarisha data ya mtu.

Seva si mtambo wa ajabu. Ni tarakilishi yoyote yenye programu inayosubiri kuombwa huduma na tarakilishi nyingine, ambazo huitwa wateja. Mfumo endeshi wa Linux, ulioasisiwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, hupatikana bila malipo na aghalabu hukubali kufanya kazi katika tarakilishi ambazo mifumo mipya ya kibiashara imezikataa. Kiswahili nacho si mgeni katika ulimwengu huu wa programu huria: mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili.

Kabla ya kugusa baobonye, kuna istilahi moja inayohitaji kusawazishwa. Seva hutambulikana mtandaoni kwa anwani ya tarakimu, mathalani 192.168.1.10, na kila huduma ndani yake hupewa nambari yake. Wapo wanaoiita nambari hiyo bandari, kwa kulifuata neno la Kiingereza kijuujuu. Dhana inayokusudiwa ni ya tundu au mlango wa kupitia, wala si gati la meli; kwa hivyo mlango ndiyo istilahi ifaayo. Anwani ni nyumba, nambari ni mlango wa chumba mahususi. Vitenzi kupakia na kupakua vimebahatika zaidi: anayepakia faili huiweka sevani na anayepakua huitoa, kama mtu apakuavyo wali kutoka chunguni, ila chungu hiki hakipungui.

Njia kongwe ya kuhawilisha faili ni FTP, ambayo Abhay Bhushan aliiandikia maelezo ya kwanza mwaka wa 1971 na ambayo hutumia mlango wa 21 kupokea maagizo. Ilibuniwa wakati ambapo waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na waliaminiana. Kasoro yake ni kubwa: nywila husafiri wazi, na yeyote anayechungulia mawasiliano ya mtandao huo aweza kuisoma. Ni unasaji wa nywila wa namna hiyo, katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, uliomsukuma Tatu Ylönen kubuni SSH mwaka wa 1995. SSH hufumba mawasiliano yote kwa msimbo, na juu yake hujengwa SFTP, inayopitia mlango wa 22. Wapo wanaomwanzisha mwanagenzi kwa FTP. Si ushauri mzuri. Mwanagenzi aanze moja kwa moja na SFTP, ambayo pia ni rahisi zaidi kuisimika.

Katika Ubuntu au Debian, agizo «sudo apt install openssh-server» latosha kuisimika huduma hiyo, na «hostname -I» huonyesha anwani ya seva. Kila mwanafunzi hufunguliwa akaunti yake kwa «sudo adduser» likifuatwa na jina. Kutoka tarakilishi nyingine, huandika «sftp», jina lake, alama ya @ na anwani. Akishaingia, «put» hupakia, «get» hupakua, «ls» huorodhesha na «bye» huaga.

Jambo linalowatatiza wengi ni ruhusa. Linux humpima kila mtu kwa makundi matatu: mwenye faili, kikundi chake, na watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, na tarakimu hizo hujumlishwa. Tuseme rekodi zimo katika folda /srv/ngano, mwenyewe ni mhifadhi, na kikundi ni fasihi. Agizo «sudo chmod 750 /srv/ngano» humpa mhifadhi 7, yaani uwezo wote. Kikundi hupata 5, yaani kuingia na kusoma tu. Wengine hupata sifuri. Mwanafunzi hupakia rekodi katika folda yake binafsi, kisha mhifadhi huinakili katika hazina kwa «sudo cp». Utaratibu huu huonekana wa kiurasimu, lakini ndio unaomzuia mtu mwenye haraka asifute mahojiano ya mwenzake. Asiyeuelewa hushawishika kuandika 777, akamfungulia kila mtu kila kitu, na hapo hazina hugeuka jaa.

Mchezo waingilia wapi? Freeciv, mchezo wa kujenga dola na ustaarabu, ulianzishwa mwaka wa 1995 na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark. Wachezaji wake hucheza kwa zamu, kwa hivyo hauhitaji mtandao wenye kasi. Waya za maabara zatosha, bila kununua bando hata moja. Husimikwa kwa «sudo apt install freeciv-server», huamshwa kwa «freeciv-server», na husubiri wateja katika mlango wa 5556. Faida yake kwa mwanagenzi ni kwamba kosa hujitokeza papo hapo. Mteja asipoweza kuingia, huenda anwani imebadilika, huenda ukuta wa kinga umeufunga mlango (hufunguliwa kwa «sudo ufw allow 5556/tcp»), au seva yenyewe haijaamshwa. Wachezaji wakishaunganishwa, «start» huanzisha mchezo na «save» huuhifadhi. Ni afadhali kupoteza dola ya kubuni kuliko kupoteza ngano za nyanya.

Hata hivyo, umeme ukikatika ghafla diski yaweza kuharibika, nayo seva ni diski kama nyingine. Mhifadhi huunganisha diski ya nje kila Ijumaa, huandika «sudo rsync -a /srv/ngano/ /media/nakala/», akaifungia diski hiyo katika chumba kingine.