Je, Wajua? Sacco Yenye Magurudumu

Ukisahau mfuko wa samaki ndani ya matatu pale Likoni, Mombasa, swali la kwanza utakaloulizwa stejini ni hili: "Ilikuwa ya sacco gani?" Hapo hakuna anayefikiria akiba wala mkopo. Linalotakiwa ni jina lililochorwa ubavuni mwa gari.

Je, wajua kwamba maana hiyo bado changa? Ilishika baada ya serikali ya Kenya, mwishoni mwa 2010, kuwataka wenye matatu wajiunge na sacco au kampuni ndipo wapate leseni. Kanuni za 2014 zikakaza zaidi: kila kundi liwe na magari yasiyopungua 30. Mwenye nissan yake moja Kisauni akawa hana budi kutafuta wenzake. Tena NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ikikasirika, husimamisha sacco nzima, kwa hiyo dereva mkorofi huwaponza na wasiomjua.

Sacco ni ufupisho wa jina refu la Kiingereza la chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Watanzania huongeza herufi moja mwishoni, wakasema Saccos, hata kama chama ni kimoja tu. Kwa wafanyakazi wa bandari kule Changamwe, sacco ni ile ya zamani: unakatwa kabla mshahara haujafika mkononi, kisha unakopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yako, ukiwa na wadhamini. Mkopaji akitoroka, wadhamini ndio hukatwa. Udhamini umevunja urafiki mwingi kuliko siasa!

Na "Co-op", ufupisho mwingine wa ushirika? Mkenya akisema anapitia Co-op anaenda benki, ile iliyosajiliwa 1965 na kufungua milango 1968. Mwingereza akisema hivyo huenda anafuata mkate na maziwa dukani. New York, co-op ni jengo la ghorofa ambalo wakaazi wake wana hisa.

Tukirudi kwenye matatu, jambo moja abiria wengi hawalijui: kwa sheria ya ushirika ya Kenya, kila mwanachama ana kura moja. Mwenye matatu kumi na mwenye moja ni sawa kwenye mkutano mkuu. Katika zile za matatu zilizosajiliwa kama kampuni, kura kwa kawaida hufuata hisa. Makanga huziita sacco vilevile.