Kila Somo na Majira Yake

Msafiri atokaye Kericho kwa njia ya Sotik husindikizwa na mashamba ya chai kulia na kushoto, yaliyokatwa sawasawa kana kwamba yamepimwa kwa uzi, hata ardhi inapoanza kuteremka na joto kuzidi kidogo, chai ikaipisha mihindi na malisho ya ng'ombe. Huko, katika Kaunti ya Bomet, baina ya milima ya Wakisii upande wa machweo na nchi ya Wamaasai wa Trans Mara upande wa kusini, ndiko Ndanai, na wenyeji wake ni Wakipsigis, watu wa jamii kubwa ya Wakalenjin. Mvua yao hutoka upande wa Ziwa Viktoria, nayo aghalabu hunyesha baada ya adhuhuri. Kwa hiyo kazi ya shamba huamkiwa alfajiri, na alasiri ni wasaa wa kukaa jikoni na kusikilizana.

Nilikuwa mgeni wa nyumba moja ya huko kwa juma zima la mwezi wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamlazimu kila mzazi nchini Kenya kumpeleka mtoto wake shuleni, na wazee wa nyumba ile waliitii sheria hiyo kwa moyo mkunjufu. Walakini hawakudhani hata mara moja kwamba mwalimu akiisha kupokea mtoto, nyumba imeondolewa wajibu. Likizo kwao ilikuwa ni zamu ya shule ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo ya kwanza kwa umri. Na katika juma lile nilidhihirikiwa na jambo ambalo sikuwa nimelifikiri: kwamba katika malezi ya Wakipsigis somo halichaguliwi na mwalimu wala mwanafunzi, bali huletwa na majira, na mtoto akifundishwa kitu katika siku zake, mikono yake hukihifadhi hata akili ikisahau.

Somo la wakati huanza kabla mtoto hajajua kusema, maana limo ndani ya jina lake. Azaliwaye alfajiri, akiwa mvulana, huitwa Kipkoech, na akiwa msichana Chepkoech. Wa mchana ni Kibet na Chebet. Wa saa ya jioni mbuzi na kondoo wanaporudi zizini ni Kiprono na Cherono. Wa usiku ni Kipkemoi na Chepkemoi. Na aliyekuja duniani mvua ikinyesha ni Kiprop au Cherop. Ndugu wa nyumba moja wakiitwa mmoja mmoja waje kula, ni kama saa inayosomwa kwa sauti. Miezi nayo ina majina yanayosema kweli ya nchi: Kiptamo ni mwezi wa jua kali mashambani, Roptui ni mvua nyeusi, na Kipsunde ni wa kumshukuru Mungu kwa mavuno.

Siku ya Jumatatu tuliingia katika shamba la wimbi. Wimbi ndio uliokuwa ugali wa Wakipsigis, yaani kimyet, kabla mahindi hayajatawala. Na bibi wa nyumba ile, ambaye wajukuu humwita kogo, hakuacha hata mwaka mmoja kupanda kipande chake, hata majirani walipomwona kuwa mtu wa kale. Mnamo Septemba 2011 ugonjwa wa mahindi ambao haukuwa umepata kuonekana nchini uligunduliwa kwa mara ya kwanza huku huku Bomet, unaoletwa na virusi viwili vikikutana katika mche mmoja. Majani hugeuka manjano, mche hukauka kuanzia juu, na gunzi hutoka bila punje. Ndipo wengi walipoikumbuka nafaka ile ndogo, ambayo ugonjwa huo haukuiangamiza, na ambayo hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa.

Lakini palizi ya wimbi si kazi ya mwenye haraka, kwa sababu miongoni mwa magugu yake limo jani la jamaa yake, lifananalo nalo kama pacha mpaka siku ya kutoa masuke. Kogo alipiga goti katikati ya mistari, akamshika mjukuu wake wa kike kidole cha shahada, akakipeleka chini kabisa ya shina. "Usitazame, gusa," akamwambia. "Hili limebapa, na chini ni jeupe. Hili ni la mviringo. Lililobapa ndilo jizi." Mtoto akafumba macho, akapapasa, akang'oa, kogo akalitazama alilong'oa, akalitupa nje ya shamba bila neno. Asubuhi nzima binti yule alikosea mara mbili tu. Nilihesabu ya kwamba somo hilo lina majuma machache tu katika mwaka mzima: kabla yake miche ni midogo mno haishikiki, na baada yake masuke hutoka na kila mtu hujua. Hakuna kitabu kiwezacho kulifundisha mwezi wa Januari.

Siku ya pili ilikuwa ya maziwa. Majani yamestawi kwa mvua, ng'ombe wamejaza viwele, na maziwa yazidiyo chai na uji hutiwa katika kibuyu kirefu kiitwacho sotet, yakawa mursik, yale maziwa ya mgando ambayo Wakenya wengi wameyajua kwa kuona wanariadha wakinyweshwa wanaporudi na ushindi kutoka ng'ambo. Mvulana wa nyumba, mwenye umri kama wa miaka kumi, alipewa kijiti cha mti wa senetwet kilichowaka mpaka kuwa kaa jekundu. Akalitumbukiza kaa ndani ya kibuyu kilichokwisha kuoshwa na kukaushwa, akaanza kulisaga na kulisugua kwa sosiot, ambayo ni fimbo ya ukindu iliyopondwa ncha ikawa kama brashi. Moshi mtamu ukapanda. Alipouliza, "Kogo, imetosha?" bibi aliinamisha kibuyu kwenye mwanga wa mlango, akachungulia, akasema, "Bado, mjukuu wangu. Hapo shingoni pana weupe. Maziwa huharibikia pale ulipochoka." Akasugua tena. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakatiwa, kifuniko kikabanwa, na kibuyu kikawekwa pembeni pasipo joto kwa siku kadhaa. Mtu akiyaonja na kuona vidoa vya kijivu vya makaa na ule uchungu mwembamba unaokuja baada ya utamu, asidhani kwamba ni ladha tu: ni hesabu ya uvumilivu wa mtoto fulani.

Jumatano niliwafuata vijana na baba yao kwa mifugo. Mvua inapofungulia majani, humfungulia na kupe, na kupe wa kahawia apendaye masikio ndiye aletaye ndigana kali, ugonjwa umalizao ndama. Basi kila mtoto alipewa ng'ombe wake wa kumkagua, akimshika sikio, akiligeuza nje ndani, huku akimwita kwa jina lake la rangi au pembe ili atulie. Walipomaliza, baba aliuliza wangapi wamo zizini, wakajibu, akauliza tena, "Wetu ni wangapi?" na idadi ikapungua. Hapo nikajua kwamba desturi ya kimanagan haijafa. Wakipsigis wa zamani hawakuweka mali yote mahali pamoja. Mwenye ng'ombe aliwagawa kwa marafiki wa mbali, ili maradhi au wanyang'anyi wakipiga zizi moja asibaki maskini, na rafiki yule akanywa maziwa kwa ulinzi wake, illa ng'ombe na uzao wake ni amana. Mtoto anayejua kwamba fahali yule mzuri kuliko wote zizini si wa baba yake, na bado akamkagua masikio kwa uangalifu ule ule, amekwisha kusoma elimu ya amana bila kuhubiriwa.

Siku ya soko watoto walichukuliwa na mama yao kuuza mboga za isagek na mayai. Soko la mpakani ni darasa la lugha: huku Kikipsigis, huku Ekegusii, huku Kimaasai, na baina yao Kiswahili kinakwenda na kurudi kama mshenga mwaminifu. Mama aliwaagiza jambo moja tu, kwamba asisalimiwe mtu kwa bei kabla hajasalimiwa kwa hali. Agizo hilo lina uzito usioonekana, kwa kuwa mipaka hii, mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa mwaka 2008, iliona nyumba zikichomwa na majirani wakikimbiana. Amani ya hapa husukwa upya kila siku ya soko kwa "hujambo" na "watoto hawajambo?", na ni vema watoto waanze kuisuka mapema.

Ziara mbili za mbali zilifuata. Ya kwanza ilikuwa ya chai, kwa shangazi aishiye karibu na Sotik. Chai ya biashara ilianza kupandwa katika nchi hii miaka ya 1920, katika mashamba ya wageni, na babu wa watoto hawa waliijua kwa kuichuma tu. Hapakuwa na Mwafrika wa hapa aliyeruhusiwa kuwa na mche wake, mpaka ukoloni ulipokaribia kuisha. Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka 1964. Shangazi aliwaonyesha kuchuma majani mawili na chipukizi, si zaidi, na kuwaeleza kwamba masika ndiyo majira ya kuchuma mfululizo, ilhali wakati wa kiangazi mche hukaa kimya. Kisha wakabeba vikapu mpaka kituo cha kununulia, wakaona mizani ikisoma na jani gumu likitupwa. Ya pili ilikuwa ya maporomoko ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ambako Mto Nyangores, umejaa kwa mvua, huendesha mtambo wa umeme unaoangaza hospitali ya misheni iliyoasisiwa mwaka 1937. Baba akawaambia watupe jani majini, akawasimulia safari yake: litakutana na maji ya Amala, yawe Mto Mara, lipite mbuga za nyumbu, livuke mpaka, liingie ziwani karibu na Musoma, Tanzania. Na ziwa hilo ndilo lituletealo mvua. Watoto wakalitazama jani mpaka likapotea, kisha wakainua macho kutazama mawingu.

Usiku ulikuwa wa vitendawili, ambavyo kwa lugha yao ni tangoch, na ngano za Chemosit, zimwi la mguu mmoja, nusu mtu nusu ndege, ambalo kinywa chake huwaka gizani kama taa, nalo hujikongoja kwa fimbo mfano wa mkuki. Mdogo wa wote alijificha katika shuka ya kogo, akawa anasikiliza kwa jicho moja.

Si kila kitu cha zamani kilihifadhiwa, wala hakikustahili kuhifadhiwa chote. Tohara ya wasichana imepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, na kogo, aliyeipitia mwenyewe, aliniambia wazi kwamba hawatakii wajukuu wake maumivu yale. Jando la wavulana limebaki, nalo huja Desemba. Humo katika nyumba ya faragha iitwayo menjo walimu waitwao motirenik huwafundisha vijana adabu na siri za utu uzima, na kijana hutoka akiwa wa rika lake, ama Sawe, ama Kaplelach, ama Nyongi, katika duara la majina yanayorudi kila baada ya vizazi. Serikali nayo, katika mtaala wa umilisi uliochukua mahali pa ule wa 8-4-4, imeanza kuwataka wazazi washiriki katika kazi za watoto. Wapo walionung'unika kwa mzigo huo, na sina haki ya kuwalaumu wenye kazi za kutwa. Lakini katika nyumba ile ya Ndanai agizo la serikali lilikuta chungu kikichemka tayari.

Jumapili, baada ya ibada kanisani, babu alinionyesha mahali palipokuwa mabwaita, madhabahu ya matawi ambayo baba yake aliisimamisha mbele ya mlango upande wa mashariki, akaelekea jua na kumwomba Asis kila asubuhi. Sasa hapo pana mti wa kivuli. Jioni mawingu yalipopasuka kwa kitambo, kogo aliwaita wote uani akaonyesha juu ya milima ya Wakisii kishungi cha nyota ndogo zilizosongamana, karibu kuzama. Wao huziita Koremerik, na wazee walizitazama ili kuyajua mavuno. Sisi wa pwani twaziita Kilimia, na tuna msemo wetu kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilipoutafsiri, kogo alicheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa asiyemtarajia.

"Zitarudi lini?" mvulana akauliza.

"Zikiisha kuzama, hesabu siku kama arobaini. Hazitarudi jioni, wala hazitarudi huku," akasema, akimgeuza mabega kuelekea ule mti wa mashariki. "Zitatokea pale, kabla ya mapambazuko."

"Nitakuwa nimefungua shule, kogo. Nitakuwa nimelala."

"Nitakuamsha," akasema bibi. "Nusu ya somo umeipata leo. Ile nyingine haijafika."