Nyumba ya Urithi Mji Mkongwe na Mrithi Mwenye Pasipoti ya Nje

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja zimo nyumba ambazo warithi wake wametawanyika Muscat, London na Toronto, na ndani mwake amebaki shangazi mmoja mtu mzima na shada lake la funguo. Warithi wanapokuja likizo, mazungumzo huishia pale pale: nyumba igeuzwe ya wageni, kila chumba kipate choo chake, juu kuongezwe ghorofa. Siku ya pili huitwa fundi. Sisi tunaona fundi ndiye wa kuitwa mwisho.

La kwanza ni hadhi ya mwenye kuomba. Sheria ya uraia ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Aliyechukua uraia wa Uingereza au wa Kanada ni mgeni mbele ya sheria, hata kama kitovu chake kimezikwa Malindi. Zanzibar nayo ina sheria yake ya ardhi ya mwaka 1992, inayoihesabu ardhi kuwa mali ya umma na kumpa Mzanzibari haki ya kuitumia; mgeni hupita njia ya ukodishwaji. Katika hukumu ya dini, fungu la mrithi haliondoki kwa kubadili pasipoti. Lakini fungu ni jambo moja, na jina litakalokubaliwa juu ya ombi la ujenzi ni jambo jingine. Wakili atafutwe mapema, naye awe wa Zanzibar, kwa kuwa sheria ya ardhi ya Bara haifanyi kazi huko.

La pili huumiza zaidi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, na wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Familia huweza kukaa vizazi vitatu ikisema "nyumba yetu", kumbe babu aliiweka kwa sharti maalumu. Swali hilo lipelekwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kabla ya kutumwa hata senti moja. Ikibainika kuwa ni mirathi, basi warithi wote wahesabiwe, na dada aliyeolewa mbali asisahauliwe. Ndugu mwenye fedha za ukarabati hapati kwa fedha hizo haki ya kuamua peke yake. Na shangazi atahamia wapi? Tumeona familia zikijadili rangi ya vigae kabla ya kuuliza hilo.

Ndipo kifuate kibali. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, inafanya kazi sasa chini ya sheria ya mwaka 2010, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kubomoa, kuongeza au kubadili jengo kunahitaji idhini yake, awe mwombaji raia au mgeni.

Wengi huona idhini hiyo kama usumbufu. Lakini kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba. Anayeondoa ukuta ili apate ukumbi mpana huenda ameondoa kilichobeba ghorofa ya juu. Choo kikijengwa ghorofani bila uangalifu, maji hupenya polepole hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyomo ukutani, navyo huoza pasipo mtu kuona. Saruji ikipakwa juu ya chokaa huzuia unyevu kutoka, na plasta huanza kumeguka. Beit al-Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Likiwa lile limeanguka, nyumba ya familia iliyobebeshwa zege na matangi ya maji inahitaji mhandisi anayeyajua majengo ya chokaa.

Lipo pia la jirani. Nyumba za zamani zilipangwa kwa sitara: baraza nje kwa wageni wa kiume, uwa ndani kwa familia. Mgeni wa hoteli akiketi darini jioni, anautazama uwa wa jirani ambako wanawake wamevua mitandio. Ramani ya ujenzi haionyeshi jambo hili vya kutosha. Mwenye nyumba na abishe hodi, aulize kabla ya kutoboa dirisha.

Kwa walio mbali, hati ya uwakala atakayopewa ndugu aliyeko Unguja iandikwe kwa mipaka: afuatilie kibali, asimamie matengenezo, alete hesabu kila mwezi kwa warithi wote. Neno "kuuza" lisiwemo.