Hesabu za mabomba na tangi si za kukaririwa

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wakanena pia kwamba bandu bandu humaliza gogo. Mwanafunzi aliyezielewa barabara methali hizi mbili amekwisha kuielewa nusu ya hesabu ya mabomba na tangi, hata kabla hajashika kalamu. Mbona basi hesabu hii huwatoa jasho watoto wetu mwaka nenda mwaka rudi?

Swali hilo lilinijia jioni moja, binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa Gredi ya 8, aliponiletea daftari lake. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na mtaani kwetu wakubwa kwa wadogo huniita Mwalimu. Binti huyo alikuwa amepewa swali hili: Bomba la kwanza hujaza tangi kwa muda wa saa 4. Bomba la pili hulijaza tangi lilo hilo kwa muda wa saa 6. Bomba la tatu, lililo chini, hutoa maji ya tangi lililojaa hadi yakaisha kwa muda wa saa 12. Tangi likiwa tupu, na mabomba yote matatu yakifunguliwa kwa pamoja, litajaa baada ya muda gani?

Binti alijumlisha 4 na 6, akapata 10. Kisha akatoa 12. Jawabu likawa hasi 2. Kwa kuwa alijua kwamba muda hauwezi kuwa hasi, aliifuta ile alama ya kutoa, akaandika saa 2 na kupiga mstari chini yake.

"Mwanangu," nikamwambia, "kwa hesabu yako ya kwanza, tangi hili lilijaa saa mbili kabla ya bomba lolote kufunguliwa."

Alicheka, kisha akainama. "Mwalimu, hisabati si yangu," akasema. "Tulifundishwa kanuni yake, lakini nimeisahau."

Kauli hiyo ilinisikitisha kuliko kosa lenyewe. Hakusema kwamba hakuelewa. Alisema kwamba amesahau. Kwake yeye, hisabati ni ghala la kanuni, na anayepoteza ufunguo hana budi kulala nje. Isitoshe, mnamo 2025 serikali ilitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima hata katika sekondari ya juu. Mtoto anayeliaga somo hili moyoni akiwa Gredi ya 8 hataepukana nalo. Atalibeba kama mzigo hadi siku ya kumaliza shule.

Nilimwambia afunge daftari, nikamuuliza swali moja tu: "Je, kwa muda wa saa moja, kila bomba hufanya kazi kiasi gani?" Hapo ndipo penye kiini cha hesabu hizi zote. Saa za mabomba hazijumlishwi, kwa maana bomba lenye saa nyingi ndilo lenye maji machache. Kinachojumlishwa ni kazi inayofanywa katika saa moja.

Ili asitishwe na sehemu, tulikubaliana kwamba tangi letu ni la lita 1,200, namba inayogawanyika kwa 4, kwa 6 na kwa 12 bila kubakisha. Bomba la kwanza basi huingiza lita 300 kwa saa, na la pili lita 200. La tatu hutoa lita 100. Ukijumlisha yanayoingia na kuondoa yanayotoka, kila saa tangi hupata lita 400. Lita 1,200 ukizigawanya kwa 400 utapata 3. Tangi litajaa kwa muda wa saa 3. Baadaye tulirudi kwenye sehemu: robo moja, ukijumlisha sudusi moja, ukiondoa sehemu moja ya kumi na mbili, unapata thuluthi moja ya tangi kwa saa. Jawabu ni lile lile. Binti alipogundua hivyo, uso wake ulinawiri.

Nikamwonyesha pia kwamba jawabu lake la saa 2 lingeweza kukataliwa bila hesabu ndefu. Mabomba mawili ya kujaza, yakiachwa peke yake, huleta lita 500 kwa saa, nayo yangechukua saa 2 na dakika 24. Iweje basi tangi linalovuja lijae mapema zaidi? Mwanafunzi akizoea kujiuliza hivi, atayanasa makosa yake mwenyewe kabla hayajafika kwa msahihishaji.

Kisha nikaligeuza swali. Tuseme bomba la chini liliachwa wazi kwa kusahau, likafungwa baada ya saa moja. Patahitajika muda gani zaidi? Wengi hukosea kwa kulihesabu tangi zima upya. Kumbe lita 400 zimo tayari, zimebaki 800, nazo sasa zinaingia 500 kwa saa: ni saa 1 na dakika 36. Binti alilipata jawabu hili peke yake, bila kanuni yoyote.

Asidhani mtu kwamba maswali haya yalibuniwa juzi ili kuwatesa watoto wa Kenya. Katika karne ya 12, Bhaskara, mwanahisabati wa Bara Hindi, aliuliza kuhusu mikondo minne ya maji: mmoja hujaza birika kwa siku moja, wa pili kwa nusu siku, wa tatu kwa thuluthi ya siku, na wa nne kwa sudusi ya siku. Hesabu mabirika yanayojazwa kwa siku: 1, 2, 3 na 6, jumla 12. Birika moja basi hujaa kwa saa 2. Hekima yake ni ile ile: tazama kazi ya kipindi kimoja.

Tusiwafiche watoto, hata hivyo, kwamba swali la kitabuni limerahisishwa. Yeyote mwenye tangi nyumbani ameona kwamba maji huruka mbali tangi likiwa limejaa, na hudondoka kwa unyonge yakikaribia kwisha. Torricelli, Mwitaliano, alilieleza jambo hili mnamo 1644: kimo cha maji juu ya tundu kikiwa mara nne, kasi ya kutoka huwa mara mbili tu. Kusema kwamba bomba la chini hutoa lita 100 kila saa bila kubadilika ni makubaliano ya kurahisisha hesabu. Mtoto akiambiwa hivyo, ataiheshimu hisabati zaidi.

Sijitoi lawamani. Kwa miaka mingi niliandika kanuni ubaoni na kuwaamuru wanafunzi waikariri, kwa sababu mtihani wa KCPE ulikuwa wa kuchagua jawabu, na wakati ulikuwa mchache. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mnamo 2023. Kisingizio changu kimekwisha kuzikwa, na sioni kwa nini mazoea yake yaendelee kuishi.

Walimu wenzangu, kabla ya kutoa kanuni, mwacheni mtoto alisimulie swali kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, aseme ni maji gani yanaingia na yapi yanatoka. Nanyi wanafunzi, msiulize ni kanuni gani itumike. Ulizeni kwanza saa moja huleta nini. Kanuni husahaulika, maji yanayoingia na kutoka hayasahauliki.